Mrejesho: filta ya dizeli kuziba kwenye baridi kali

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Niliuliza kuhusu lori langu hapa North Dakota, Marekani: linawaka vizuri, likishika barabara kuu linaishiwa nguvu na kuzima, hasa baridi ikishuka chini ya nyuzi -20.

Aliyesema nifungue filta papo hapo likizima, Mungu ambariki. Ilitoka na utando mweupe mzito kama samli iliyoganda. Ni nta ya dizeli yenyewe, imeziba karatasi yote. Kwenye kikombe cha kutenganishia maji mlikuwa na vipande vya barafu.

Fundi amezungushia filta mkanda wa joto wa volti 12, una rilei (swichi ya umeme) na fyuzi yake. Maji nayamwaga jioni, injini ikiwa bado ya moto. Najaza dizeli namba 2 (ya kawaida) iliyochanganywa na namba 1 (nyepesi, inayostahimili baridi), na dawa ya kuzuia dizeli kuganda naitia mapema, maana nta ikishaganda dawa hiyo haiyeyushi. Kadibodi mbele ya rejeta inasaidia injini, lakini filta yangu iko kwenye chesisi, upepo unaipiga moja kwa moja.

Sasa linavuta mzigo bila kukwama. Ila mkanda haupashi tangi wala mabomba. Kuna aliyepitisha maji ya moto ya injini hadi kwenye tangi?