Mdogo wangu morani amegoma kunyolewa na hasira zake zimeanza kututisha, naombeni ushauri

Kaka Mkubwa LGD
Habari zenu wakuu, naombeni mnivumilie maana ni ndefu kidogo.

Mimi ni Mmasai wa Longido ila nafanya kazi Arusha mjini muda mrefu sasa. Nina mdogo wangu, mama mmoja baba mmoja, ana kama miaka 22 hivi, ni morani. Rika lake limefikia Eunoto na wenzake wameshaanza kujiandaa. Kwa ambao hamjawahi kuona, hapo ndipo morani anakaa kwenye ngozi ya ng'ombe, mama yake mzazi anamlowanisha nywele kwa maji na maziwa halafu anazinyoa zote zile ndefu alizozitunza miaka yote, na kuanzia hapo anaelekea kwenye uzee, anaoa, anajenga boma lake. Sasa dogo kasema hanyolewi, ukimuuliza sababu anakwambia "sitaki tu" anachukua fimbo anaondoka.

Hilo la nywele peke yake lisingenileta huku. Wiki chache nyuma walikuwa kisimani wananywesha, kijana wa boma la jirani akamwambia nyie mnapangia foleni ng'ombe gani. Dogo hakujibu neno, akampiga. Yule kijana akaanguka, akang'oa majani akayainua juu, na dogo akampiga tena majani yakiwa mkononi mwake. Mkono umevunjika. Mmasai yeyote anayesoma hapa anaelewa uzito wake, mtu akishika majani unaacha hata kama kakuulia ndugu yako. Familia ya yule kijana haijaenda polisi, wanasubiri wazee.

Tatizo ni kwamba baada ya hapo karudi nyumbani kimya kama hakuna kilichotokea. Halii, hagombani, hafoki. Mama kanipigia simu usiku na sauti inatetemeka, anasema amemkuta mara kadhaa anakunywa maziwa peke yake gizani nyuma ya nyumba. Morani hali wala hanywi peke yake, lazima awe na wenzake wa rika. Mama anasema hilo limemtisha kuliko ule ugomvi.

Naona nieleze na chanzo maana mimi najua kilipoanzia japo yeye hasemi. Ule ukame wa 2021 kuingia 2022, vuli ilipogoma, baba alikuwa anaumwa mguu kwahiyo dogo na binamu yetu ndio wakachukua ng'ombe wakashuka nao Simanjiro kutafuta majani. Alikuwa mdogo bado, ndio katoka jandoni hata miaka miwili haijaisha. Binamu aliniambia asubuhi walikuwa wanaamka kuinua ng'ombe, mmoja anashika mkia mwingine pembe, anayesimama anatembea, asiyesimama wanamwacha. Walitoka na ng'ombe kama sitini wakarudi na tisa. Baba akasimama mlangoni pa boma akawaangalia wale tisa akamwambia dogo, "Ng'ombe za babu yako zimeishia mkononi mwako." Basi. Hajawahi kulirudia na hajawahi kulifuta.

Baadaye dogo akaenda Dar kulinda usiku, mwenye nyumba akamzungusha mshahara mpaka akakata tamaa akarudi mikono mitupu. Tangu hapo ndio huyu tuliye naye sasa.

Swali langu, tumlazimishe anyolewe na wenzake au tumwache? Na hili la majani tunalianzia wapi? Nampenda sana huyu mtoto wakuu, nimembeba mgongoni.

Chuma cha Tabora
Pole sana mkuu. Mi sijui mila zenu ila nasema ninavyoona, kavunja mtu mkono huyo na kwa sheria ni kesi, mkimficha nyuma ya wazee kesho ataua mtu halafu mtajilaumu wote. Apelekwe kituoni aone serikali ipo, au mumtafutie nafasi JKT akapate nidhamu, mi nimepita huko na vijana wenye hasira wanatulia kabisa.

Kaka Mkubwa LGD
Asante mkuu nimekusoma, na wakitaka kwenda polisi sitawazuia, ni haki yao. Ila nidhamu anayo ndugu yangu, siku ya kutahiriwa hakutikisa hata kope na watu wa boma zima walikuwa wanamwangalia. Amefundishwa kukaza tangu anachunga ndama. Hajawahi kufundishwa afanye nini na kile anachokikaza.

Mkazi wa Ketumbeine
Kaka sopa. Nimesoma taratibu mara mbili, naomba nikujibu kama mtu aliyepita huko.

La nywele liweke pembeni kwanza. Mtu aliyepiga majani hawezi kwenda Eunoto na hilo mkononi, hata angetaka. Na ninavyomsoma mdogo wako analijua vizuri, ndio maana anasema hataki. Ni rahisi kusema sitaki kuliko kusema sistahili.

Pili, usimpeleke kwa baba na wala usimpeleke kwa wajomba. Mpeleke kwa ilpiron wake, wale wazee wa rika mbili juu yake waliowawashia moto wakati rika lao linafunguliwa. Wewe ni wa rika la katikati kwahiyo hakusikilizi, hiyo ni kawaida, hata mimi sikuwahi kumsikiliza kaka yangu. Morani anaweza kumjibu baba yake, anaweza kumbishia mwenyekiti wa kijiji, lakini mzee wa ilpiron akiongea anainamisha kichwa maana anajua baraka na laana vyote viko kwenye mdomo ule. Watamkemea na watampiga faini ya ng'ombe, halafu watamtemea baraka. Hivyo vitu viwili vinaenda pamoja na anavihitaji vyote.

Nikuongezee kitu. Zamani hasira ya morani ilikuwa na mlango. Mnakwenda olpul porini mnachinja, mnakula nyama na supu ya magome wiki nzima, mtu akipandwa na mori anatetemeka mpaka povu linamtoka na wenzake wanamshika wanne watano wanamlaza chini mpaka ipite, na hakuna anayemcheka. Huyu wa kwenu hasira imempanda hana mtu wa kumshika, wenzake wako Dar wanasuka nywele, wengine Mererani kwenye tanzanite. Ndio hiyo imeishia kwenye mkono wa mtoto wa jirani.

Nesi wa zamu
Samahani naingilia, mi sio Mmasai ila nimefanya kazi wilaya za wafugaji. Wanaume wengi wenye sonona hawaji wakilia, wanakuja kama huyu, wamenyamaza, hawataki kula na watu, halafu siku moja wanalipuka kwa kitu kidogo. Naomba uulize mambo haya bila kuzunguka: analala? anakunywa pombe kiasi gani? ameshawahi kusema bora angekufa na zile ng'ombe? Hilo la mwisho muulize kwa maneno hayohayo, kumuuliza hakumpi wazo, watu wanaogopa bure. Akijibu ndio, usimwache peke yake na muwahi hospitali ya Mount Meru hapo Arusha, wana kliniki ya afya ya akili. Wazee wafanye yao na hospitali ifanye yake, wala havigombani.

Kajiado Kusini
Bro pole, hapa kwetu upande wa Kenya tumeona hii kitu sana, yaani morani amefunzwa kuwa mkali alinde ng'ombe, sasa ng'ombe hakuna, simba ukiua unafungwa, basi huo ukali ataupeleka wapi? Huku Amboseli kuna Lion Guardians tangu 2007, wanachukua mamorani wenyewe, hata wale walikuwa wanawinda simba, wanawapa kazi ya kufuata nyayo na kuonya wachungaji simba akiwa karibu, na mtu analipwa na anaheshimika kijijini. Halafu tangu 2012 kuna Maasai Olympics, watu wanatupa mkuki na rungu, wanaruka, wanakimbia, badala ya kuwinda. Nimeona vijana wamebadilika kwa sababu tu kuna mtu amewaambia nguvu yako bado inatakikana. Huyo brathe yako mtafutie kazi ya kulinda kitu ambacho ni chetu, si geti la mtu mwingine.

Yeyo wa wawili
Mwanangu, mimi ni mama, nimeshanyoa mmoja. Mmeongea vizuri wote ila hakuna aliyemgusa baba. Lile neno la mlangoni ndilo lililomvunja huyu mtoto. Ukame ule uliua ng'ombe za watu wazima wenye magari na pesa za pumba, mtoto wa miaka kumi na nane angefanya nini? Alirudi na tisa! Tisa aliwainua kwa mikono yake kila asubuhi. Angewaacha njiani akakimbilia Dar kama wengine, mngekuwa na sifuri. Mtu amwambie hivyo, na amwambie baba yake, na iwe mbele ya watu kwa sababu alivunjwa mbele ya watu. Mpaka hapo nywele zisiguswe, mama yake asije akamnyoa huku anatetemeka.

Kaka Mkubwa LGD
Mama nimesoma hapa ofisini nikatoka nje kidogo. Asante sana.

Nesi, nilimpigia jana nikamuuliza vile ulivyoandika. Alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata halafu akasema hapana, hataki kufa, ila hataki kuitwa mzee asiye na ng'ombe. Kulala halali, pombe hanywi. Ni mara ya kwanza ananiambia kitu tangu arudi. Kesho naulizia hiyo kliniki. Shida iliyobaki ni baba, ni mgumu kuliko hata huyu mtoto.

Mkazi wa Ketumbeine
Baba hutamweza wewe, atawezwa na wenzake wa rika lake. Tafuta mmoja anayekaa naye chini ya mti, mueleze, mwache afanye kazi yake.

Na hilo la kuwa mzee asiye na ng'ombe lina dawa na wewe unaijua. Familia yenu haikosi osotua, watu ambao babu yenu aliwapa mifugo wakati wa shida zao, au wao walimpa. Ukame ukipita ndio wakati wake, unakwenda unaomba, na aliye wako wa osotua hahesabu deni, anatoa anachoweza bila kujiumiza. Lakini aende yeye mwenyewe, kwa miguu yake, akae barazani kwa watu aeleze zile ng'ombe zilivyokufa. Najua itamuuma kuliko kisu cha jandoni. Wapo watakaompa mtamba, wapo watakaompa mbuzi, wapo watakaompa chai tu. Mpe yule binamu aongozane naye, waliinua wale ng'ombe pamoja.

Kaka Mkubwa LGD
Sawa mzee wangu. Mpango ni huu, naomba ruhusa kazini, siku ya mnada nashuka Longido maana rafiki wa baba hakosi mnadani, naanza na yeye. Halafu ilpiron, dogo akiwepo. Safari ya osotua baada ya faini kulipwa. Eunoto kama itampita na wenzake tutaongea na wazee wataona. Yule kijana aliyevunjika mkono nimewaza nimpeleke dogo akamwone, ni sawa au ni mapema?

Yeyo wa wawili
Ni mapema, wazee ndio watasema lini. Wewe nenda peke yako, peleka hela ya hospitali na sukari kwa mama yake kabla ya kikao, usisubiri waidai.