MJADALA: Majimoto kwenye mikorosho, kijiji kiwalinde kwa sheria ndogo au kila mtu na shamba lake?

Wakuu habari za jioni. Niko huku Tandahimba, juzi kwenye mkutano wa kijiji mzee mmoja kasimama kapendekeza mambo mawili: anayechoma viota vya majimoto (wale chungu wakali wa juu ya miti wanaowinda wadudu waharibifu) kwenye mikorosho alipe faini, na mtu asipulize dawa ya wadudu mpaka shamba likaguliwe na mbu wa mikorosho (sio wa malaria, ni wale wadudu wanaofyonza machipukizi) waonekane kwa macho. Basi nusu wakacheka nusu wakapiga kelele, mkutano ukafungwa bila kura. Mimi niko upande wa mzee.

Msimu uliopita mwezi wa saba niliona machipukizi yamekuwa meusi, ncha zimenyauka kama zimebabuliwa na moto, nikakimbilia dukani nikakopa dawa nikapuliza heka tatu zote. Kesho yake baba mdogo kanivuta mkono, saa kumi na mbili na nusu asubuhi tuko shambani tunageuza chipukizi moja moja maana jua likiwa kali wale mbu wanajificha. Madoa tele lakini makavu, hakuna hata utomvu mbichi unaotoka, na mbu hatukuona hata mmoja. Yaani nilipuliza kovu, njomba! Na mkorosho wa mpakani ambao sikuugusa kwa kuogopa majimoto, ule ndio ulikuwa na machipukizi mazuri kuliko yote. Deni la dukani nimemaliza kulipa kwenye mnada wa pili.

Wa Kitangari:
Mkuu unaandika kama hujawahi kung'atwa. Kibarua wa kupogolea akiona majimoto anapandisha bei au anaondoka kabisa, sheria ikipita hiyo tofauti utalipa wewe? Halafu hao wadudu mnaowasifia wanafuga vidugamba, vile vidudu vinavyofyonza utomvu wa mti, pasua kiota uone. Na ubwiriunga je, majimoto wanakula ubwiriunga?

Mleta mada:
Hakuna aliyesema tuache salfa. Ubwiriunga ni kuvu, ule unga mweupe kwenye maua, ukisubiri mpaka umetapakaa umeshapoteza maua, ndio maana salfa unaiwahi, robo kilo kwa mti kila baada ya wiki mbili. Ila mbu hafi kwa salfa! Huku kwetu watu wanamwaga salfa wakidhani wanaua kila kitu, mbu wakizidi wanaongeza salfa. Ugonjwa unauwahi, mdudu unamkagua, ni vitu viwili tofauti. Kuhusu kung'atwa nakubali, lakini korosho tunaokota chini, sio embe useme mtu apande juu kuchuma. Tabu ni siku za kupogolea na kupuliza tu.

Mama wa Nachingwea:
Mimi ninao mwaka wa nne. Nilianza vibaya, nilikata viota kwa dada yangu na vingine kwa jirani nikaviweka mti mmoja nikijua wote ni majimoto, kumbe kila koloni na ukoo wake, asubuhi nakuta chini kumejaa maiti wamekatana viungo. Siku hizi nachukua vya koloni moja tu na nafunga kamba mti hadi mti wapite. Adui yao mkubwa kwangu sio dawa, ni wale sisimizi wadogo wa kahawia wanaokaa chini kwenye shina, hao wakiwa wengi majimoto hawashiki mti. Kwa hiyo mtu asidanganywe kwamba unaviweka unaenda kulala.

Jicho la Masasi:
Hapa mnazunguka tu. Shamba langu safi, pembeni kuna shamba pori la mtu yuko Dar, miaka mitatu halijafyekwa, yeye tunamuona wakati wa malipo. Nikague nisikague mbu wanavuka. Sheria ndogo ianze na huyo.

Afisa ugani mstaafu, Lindi:
Jicho la Masasi ana hoja. Ila niongeze, mnamsema mbu peke yake na mnasahau yule kunguni anayefyonza korosho changa, anaitwa Pseudotheraptus wayi, ukibangua unakuta kiini kina madoa yamebonyea. Ndiye huyohuyo anayeangusha nazi changa, na kule Zanzibar majimoto kwenye minazi wamechunguzwa tangu miaka ya 1950. Kituo cha utafiti wa kilimo Naliendele, Mtwara, nao wamewajaribu kwenye mikorosho wakawalinganisha na dawa, na majimoto walifanya kazi vizuri pale walipokuwa wengi. Mti wenye kiota kimoja cha bahati mbaya sio ulinzi. Na ukipuliza dawa ya wadudu maua yamefunguka unaua na nyuki, hapo umejikata mwenyewe.

Wa Kitangari:
Afisa, sasa ukaguzi nani atafanya? Mkiunda kamati itataka posho, na mwenye shamba akinyimwa ruhusa anapuliza usiku.

Mleta mada:
Faini hata mimi naona mzee alizidisha, mtu hawezi kulipishwa kwa kuchoma chungu shambani kwake. Napendekeza tuanze na watu kumi, kila mmoja ateue mikorosho kumi, aikague alfajiri mara moja kwa wiki kuanzia machipukizi yakitoka na aandike kwenye daftari ameona mbu wangapi. Sio madoa, mbu. Na wenye mashamba pori waitwe na mwenyekiti kabla ya msimu, sio baada ya mnada.

Wa Kitangari:
Hapo kwenye kumi kumi niandikeni. Ila kibarua wangu akikimbia na bomba mgongoni kwa ajili ya majimoto yako, utalitafuta wewe.