Keratokonasi: lenzi ndogo ngumu, ya mchanganyiko au ile kubwa ya sklera?

Kinyozi_Mbagala
Wakuu, heshima kwenu. Nina miaka 27, keratokonasi macho yote mawili, yaani konea (ngozi angavu ya mbele ya jicho) imechongoka, la kushoto ndilo baya zaidi. Miwani nimebadilisha mara tatu na herufi bado zina vivuli. Usiku taa ya gari naiona ina mkia. Daktari kanitajia lenzi za aina tatu, ndogo ngumu, ya mchanganyiko na ya sklera, kisha akasema nikafikirie. Sasa nifikirie nini na sijawahi kuvaa hata moja? Kazi yangu kinyozi, nashinda kwenye nywele na poda.

MamaTunu
Pole mdogo wangu. Mimi nina mwaka wa 11 na ile ndogo ngumu. Ina upana wa milimita 9 au 10 hivi na inaelea juu ya machozi. Konea yako imechongoka, lenzi yenyewe ina mviringo mzuri, machozi yanajaza nafasi iliyobaki katikati. Ndiyo maana inaona pale miwani iliposhindwa.

Wiki ya kwanza nilitoa machozi kama nakata vitunguu. Baada ya mwezi nikawa naisahau. Ila vumbi likiingia chini yake, unasimama palepale ulipo. Na inaruka! Siku moja ilinitoka ndani ya daladala, konda akasimamisha gari, abiria wameinama wanatafuta, kumbe imenasa kwenye mtandio wangu.

Salim_Muscat
Kwa kinyozi hiyo ndogo ni mateso. Chukua sklera. Mimi nipo Muscat, upepo wa hapa unabeba mchanga, na navaa asubuhi hadi jioni. Lenzi inakaa kwenye weupe wa jicho, inapita juu ya konea bila kuigusa. Nywele haina pa kuingilia.

Kuivaa ndiyo kazi. Unaiweka juu ya kampira ka kushikilia lenzi, unaijaza maji ya chumvi yasiyo na kihifadhi mpaka yafike ukingoni, unainama uso ukitazama sakafu, unaipandisha jichoni. Ukiona kipovu cha hewa, toa, anza upya. Mwezi wa kwanza nilichelewa kazini kwa sababu ya vipovu tu. Na mchana inaweza kuingia ukungu, ukaitoa na kubadilisha maji. Bei nayo inauma.

Daktari_wa_Miwani
Nashughulika na lenzi hizi kila siku. Salim, sentensi yako ya kwanza ni kali mno. Kazi ya mtu naiuliza, lakini kwanza natazama ramani ya konea: ncha ipo katikati au imeshuka chini, na imechongoka kiasi gani. Ndogo ngumu hukaa vizuri ncha ikiwa karibu na katikati. Ikishuka sana, lenzi inayumba na kuteleza.

Ya mchanganyiko ina katikati ngumu na pindo laini. Raha yake ipo, ila pindo likichanika umepoteza lenzi nzima, na lazima tuangalie kama konea inapata oksijeni ya kutosha. Lenzi laini peke yake nampa mwenye tatizo changa, kwa sababu hulala kufuata umbo lilelile lililopinda.

Tena macho mawili si lazima yavae aina moja.

Kwa wanaodhani sklera ni kitu cha juzi: Adolf Fick, daktari wa macho aliyekuwa Zurich, aliandika kuhusu lenzi kubwa za kioo mwaka 1888, na alizikusudia pia kwa konea kama zenu. Alizijaza maji yenye sukari ya zabibu. Kioo kizito, hakipitishi hewa, watu walivumilia saa chache tu.

Kinyozi_Mbagala
Nikivaa muda mrefu, konea itarudi?

Daktari_wa_Miwani
Hapana. Lenzi inakupa kuona, haizuii ugonjwa. Kama ramani zinaonyesha konea inaendelea kuchongoka, uliza kuhusu ile tiba ya matone ya riboflavini (vitamini B2) na mwanga wa urujuanimno. Hiyo ndiyo hukaza konea isiendelee. Na macho yakiwasha, tibu mzio. Acha kuyafikicha.

Juma_Nakuru
Mimi nikikosa dawa ya kusafishia lenzi huisuuza kwa maji ya mfereji yaliyochemshwa. Miaka minne sijapata shida.

MamaTunu
Juma, usimfundishe mtoto wa watu hayo! Jirani yangu alipata vijidudu vya akantamiba, alikaa chumba chenye giza wiki nzima akilia. Maji ya mfereji hapana, mate hapana. Kulala nazo pia hapana, mpaka daktari aseme.

Kinyozi_Mbagala
Mrejesho, wakuu. Nimepimwa. Kulia ncha ipo karibu na katikati, naanza na ndogo ngumu. Kushoto imeshuka, nikajaribishwa sklera, nusu saa nzima nimekaa kwenye benchi nasubiri itulie. Ukutani kulikuwa na kalenda. Kabla ya hapo niliona mistari tu. Nikaanza kusoma tarehe moja moja, mpaka jina la kiwanda cha uchapaji kule chini. Salim, hako kampira kakichakaa unakatupa lini?

Salim_Muscat
Kakianza kupasuka ukingoni. Nunua viwili, kamoja ka kuvalia na kamoja ka kutolea, usivichanganye. Na ukitoa, shika karibu na ukingo wa lenzi, usivute katikati.