Uingereza: kuomba pesa ya chakula na HC2 (cheti cha dawa bure) bila kuhamishwa nyumba

Nuru_Leicester
Habari zenu ndugu. Kuna mume na mke walioomba hifadhi, kadi za ARC (kitambulisho cha mwomba hifadhi) wanazo, wanalala sebuleni kwa binamu yao hapa Leicester. Mke ana mimba ya miezi sita. Mahali pa kulala wanapo, chakula ndicho kinachowashinda. Wanaogopa kwamba wakiomba msaada Home Office (wizara ya mambo ya ndani) watapelekwa mji mwingine, mbali na mkunga waliyemzoea. Tena mume ameandikiwa dawa, famasi wakamtoza £9.90 kwa kila moja. Waanzie wapi?

BintiMwambao
Dada Nuru, wasipoomba nyumba hawahamishwi. Fomu ya kuomba msaada ni ASF1, ileile ya wanaoomba nyumba, ila kwenye aina ya msaada wachague pesa peke yake, bila malazi. Wapigie shirika la Migrant Help linalosaidia maombi hayo, 0808 8010 503, ni bure saa 24, na waombe mkalimani wa Kiswahili kabla ya kueleza lolote.

Wengi huangushwa na barua ya mwenyeji. Binamu anaandika kwa wema, "nawatunza vizuri kama wanangu", na ombi linakataliwa, kwa sababu Home Office wanapima kama mtu ataweza kujikimu siku 14 zijazo. Aandike ukweli ulivyo: wanalala kwangu bure, chakula na nauli sina uwezo wa kuwapa. Atie sahihi, tarehe na anwani. Waambatanishe na taarifa za benki, na kila pesa iliyoingia ielezwe. £150 ya rafiki isiyo na maelezo inaonekana kama mshahara.

Wakikubaliwa, ni £49.18 kwa kila mtu kwa wiki kwenye ASPEN, kadi ya malipo wanayopewa waomba hifadhi, na mjamzito huongezwa £5.25. Jumla yao ni £103.61. Hiyo nyongeza wasisubiri ije yenyewe. Waiombe na kutuma fomu ya MATB1, ambayo mkunga huitoa mimba ikishafika wiki 20. Zikibaki wiki 8 au pungufu kabla ya kujifungua, waombe pia £300 ya uzazi, ambayo hutolewa mara moja tu.

Abu Rayyan
Nyongeza kuhusu dawa. Mama asilipe chochote: mkunga amwombee cheti cha msamaha wa uzazi, kinafuta malipo ya dawa na meno ya NHS (huduma ya afya ya serikali) hadi miezi 12 baada ya kujifungua. Mume anahitaji HC2. Wanaopata msaada wa Home Office kwa kawaida hutumiwa. Kwa sasa, kabla ombi halijajibiwa, ajaze mwenyewe HC1, fomu ya kuombea cheti hicho.

HC2 ikifika, atazame tarehe ya mwisho, hapo ndipo watu wanapoumia. Nyuma ya karatasi ya dawa kuna visanduku, chake ni L. Akitia alama L na cheti kimeisha, barua ya faini inakuja: mara tano ya deni, hadi £100, na deni lenyewe juu yake. Na siku akilazimika kulipa, aombe risiti ya FP57 palepale dirishani, maana baadaye hawaitoi. Kurudishiwa pesa ni ndani ya miezi 3.

Nuru_Leicester
Asanteni sana. Mume bado hana daktari wa mtaa. Mapokezi wanataka pasipoti na bili ya umeme.

BintiMwambao
Hazihitajiki. Kwa kanuni za NHS England, kukosa kitambulisho au uthibitisho wa anwani si sababu ya kumkataa mtu. Ajaze fomu ya kusajiliwa kwa anwani ya binamu. Wakishikilia kumkataa, aombe sababu kwa maandishi, mara nyingi hapo msimamo hulegea. Akishasajiliwa, mkalimani aombwe wakati wa kuweka miadi, na ataje kama ni Kiswahili cha Kongo, cha pwani au Kibajuni. Mtoto asitumike kutafsiri.

Abu Rayyan
Na ombi la ASF1 likikataliwa, wasianze fomu upya. Rufaa ina siku 3 tu tangu kupokea barua, kwa hiyo bahasha ya Home Office ifunguliwe siku ileile. Shirika la Asylum Support Appeals Project huwatetea watu bure kwenye rufaa hizo. Watafute msaada huo wakiwa na barua ya kukataliwa mkononi.