Prado otomatiki na tela la mbao, mlima Nyang'oro nishuke na gia gani?

mgogo_halisi: Wakuu habari za jioni. Nina Prado otomatiki ya petroli ya zamani kidogo, gia ziko P R N D 2 L na kile kitufe cha O/D (ovadraivu, ile gia ya juu ya mwendo mkubwa). Huwa napeleka zabibu Iringa toka Mpunguzi na katela ka tairi mbili, safari hii kurudi nataka nipakie mbao. Kupanda Nyang'oro tu gari inahangaika, mara ibadili juu mara irudi chini, sasa kushuka na mzigo ndo naogopa kabisa. Niiache D nicheze na breki?

Baba Chausiku: Tia N (nyutro) mkuu, inaserereka yenyewe unasevu mafuta.

spana14: Mleta uzi achana na huyo. Kwenye N injini haikushikii gari, mzigo wote unabaki kwa breki, zikichemka unakanyaga pedo inazama tu gari haisimami. Na mafuta husevu chochote, injini ya EFI (inayopulizia petroli kwa kompyuta) ukiachia eksileta ikiwa kwenye gia inakata petroli yenyewe. Wewe ukiwa bado juu, kabla hujaanza kushuka, punguza mwendo, zima O/D, tia 2. Breki kanyaga ya kueleweka spidi ishuke halafu achia zipoe, usikae umeigusagusa njia nzima. L, gia ya chini kabisa, ni ya pabaya kabisa na uwe taratibu sana. Kupanda nako zima O/D, huko kubadili badili ndo kunachemsha oili ya gia boksi, icheki leo, ikiwa nyeusi inanuka kuungua usiende.

Mama Mbao: Nyie mnaongelea gia tu, tela je? Mbao zikizidi nyuma ya ekseli litaanza kuyumba hata tambarare ya Mtera. Uzito uegemee mbele kidogo, kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela na mzigo wake ikae pale linapoungana na gari. Likiyumba achia mafuta, shika usukani unyooke, usipige breki ghafla. Minyororo ya usalama ya tela ipishanishe chini ya hapo linapoungana na gari.

mgogo_halisi: Asanteni sana wakuu. Na nikisimama mlimani?

spana14: Breki ya mguu, N, vuta hendibreki, achia mguu gari ikae, ndo utie P. Na jiwe kwenye tairi za tela.

Mama Mbao: Karatasi za TFS (wakala wa misitu) za hizo mbao unazo lakini? Maana kizuizini hawakuulizi gia 😂