Fizi za mama zimevimba kwenye meno ya kupandikiza, naombeni dawa nzuri ya kusukutua

BintiRaskazone
Wakuu habarini za jioni. Niko Tanga mjini. Mama yangu ana miaka 63, aliwekewa meno mawili ya kupandikiza taya la chini, upande wa kushoto. Kazi ilifanyika Mombasa na miaka yote yametulia, anatafuna hata bisi. Sasa tangu Ramadhani fizi inayozunguka yale meno imevimba, imekuwa nyekundu, akipiga mswaki damu, na asubuhi mdomo unatoa harufu. Anatumia dawa za mifupa, si mnajua mifupa ya uzee. Naomba kujua dawa ipi ya kusukutua inafaa, au maji ya chumvi na karafuu yanatosha? Halafu kuna mtu kaniambia dawa za mifupa zinaharibu fizi, ni kweli? Tuna harusi ya mdogo wangu baada ya Idi ya kuchinja na mama ndiye mwenye shughuli. Msinitukane tafadhali, naomba ushauri tu.

Mkonge_Mkavu
Nimekaa siti ya mbele. Wataalamu njooni.

Mzee_wa_Barabara_ya_12
Binti yangu, sisi tumekua na msuaki wa mti na mkaa, jino likitoka limetoka, unamshukuru Mungu kwa yaliyobaki. Siku hizi mnapanda meno kama miche ya mkonge halafu mnashangaa shamba linapovamiwa na wadudu. Mwambie mama akubali umri.

mama_wa_Duga
Mzee usimvunje moyo mwenzio. Mwanangu, pole. Mama mkwe wangu alikuwa na kile kidonge cha mifupa cha mara moja kwa wiki. Aliambiwa ameze asubuhi kabla ya kula, na glasi nzima ya maji matupu, halafu asilale kwa nusu saa. Yeye alikimung'unya kama peremende, akarudi kitandani. Kilimchoma mdomo akatoka vidonda, na koo likawaka wiki nzima hata uji haupiti. Muulize mama anakimezaje. Karafuu za Pemba ni nzuri, chemsha na chumvi kidogo.

Chachandu_Kali
Mama mwenye shughuli lazima awe na meno kamili, la sivyo nani atajaribu nyama ya pilau?

Tabibu_Kinywa
Dada, kabla hatujafika kwenye karafuu. Dawa ya mifupa ipi? Kidonge cha kila wiki, sindano ya chini ya ngozi ya kila miezi 6, au dripu? Na meno aliwekewa kabla ya kuanza dawa au baada?

BintiRaskazone
Meno yalitangulia, dawa zikaja baadaye. Alianza na vidonge vya kila wiki. Ahsante mama wa Duga, alikuwa anameza vizuri tu, nilikuwa nasimamia mwenyewe. Naomba tujikite kwenye dawa ya kusukutua.

Tabibu_Kinywa
"Alianza" na vidonge. Sasa hivi anatumia nini?

BintiRaskazone
Sasa anawekewa dripu, ila ni dawa za mifupa hizohizo. Sioni kwa nini inageuka kuwa mahojiano. Daktari wa meno nimeshampata hapa mjini, Jumamosi anayatoa yote mawili na kupandikiza mapya siku hiyohiyo, nimeshatanguliza nusu ya pesa. Nilichotaka ni kitu cha kumtuliza hadi Jumamosi. Na msiniambie nisubiri, kwa sababu harusi haisubiri na mama ameshasema hawezi kukaa mbele za watu na pengo.

Mkonge_Mkavu
Kumbe uamuzi umeshafanyika, tumeitwa kupiga makofi.

Tabibu_Kinywa
Wengine mnivumilie, hili linahitaji maneno.

Mfupa ulio hai unabomolewa na kujengwa kila siku. Kuna seli zinazomung'unya mfupa mkuukuu na nyingine zinazoweka mpya. Alendroneti ya kidonge na zoledroneti ya dripu zinazizuia zile zinazomung'unya. Kwa uti wa mgongo na nyonga hiyo ni neema. Taya ndilo lenye taabu, kwa sababu hujikarabati haraka kuliko mifupa mingi, linafanya kazi kila mlo, na kinacholitenga na vijidudu vya mdomoni ni fizi nyembamba tu. Dawa inajikusanya humo, na alendroneti inaweza kubaki mfupani zaidi ya miaka 10. Tena haziishii kwenye mfupa. Katika vipimo vya maabara zimeonekana kuzidhoofisha hata seli za fizi, zile zinazofunga kidonda. Ndiyo maana jeraha dogo ambalo kwako lingepona upesi, kwake linaweza kubaki wazi mpaka mfupa ukaonekana, na mfupa ule ukafa.

Sasa jino la kupandikiza. Jino la kuzaliwa linashikwa na nyuzi zilizojichimbia kwenye mzizi. La kupandikiza halina mzizi, lina skrubu ya titani, na nyuzi za fizi zinapita kando yake bila kuingia popote, na damu inayofika pale ni chache. Uchafu ukipenya, unashuka hadi mfupani bila kizuizi cha maana. Kwa hiyo jibu la swali lako ni ndiyo: dawa zinaweza kuihusu fizi hiyo, hata kama meno yalitangulia kwa miaka.

Kutoboa upya taya la mtu aliye kwenye dripu ni jambo la kufikiriwa mara mbili. Hata kuyatoa haya ya zamani ni kufungua kidonda. Na hapa ndipo naomba ujibu: anawekewa mara ngapi? Zoledroneti ya mifupa ya uzee ni miligramu 5, mara moja kwa mwaka. Ukiniambia miligramu 4 kila wiki tatu au nne, basi hiyo haitolewi kwa ajili ya uzee.

Nahodha_wa_Pangani
Maelezo mazuri daktari. Umenikumbusha habari za viwanda vya viberiti Ulaya karne ya 19. Wafanyakazi walikuwa wakivuta moshi wa fosforasi nyeupe, meno yanang'oka, taya linaoza, wanatoa harufu watu wanawakimbia. Wasichana wa kiwanda kimoja cha London waligoma 1888, na Uingereza ikaja kupiga marufuku fosforasi ile 1908. Na hizi dawa za mifupa nazo zina fosforasi ndani yake, ingawa ni ya namna nyingine kabisa. Taya lina historia ndefu yakhe.

Chachandu_Kali
Nahodha ukipewa uzi wa kuku utatufikisha Vita vya Majimaji.

Mwana_Makorora
Mimi nauliza hivi, implanti moja, yaani hilo jino la kupandikiza, ni shilingi ngapi? Nina pengo la mbele nimelipata kwenye bodaboda.

Sina_Haraka
Jamani hii ni chai, na sukari imezidi. Angalieni. Mwanzo ni "dawa za mifupa ya uzee". Akabanwa, vikawa vidonge. Akabanwa tena, ikawa dripu. Halafu ghafla kuna daktari, kuna Jumamosi, kuna nusu ya pesa, kuna harusi. Na kwa bahati nzuri kabisa anatokea tabibu mwenye majibu yote mpaka miligramu. Ama ni mwanafunzi wa udaktari anafanyiwa asaimenti na nyinyi, ama kuna kliniki inasafisha njia ya kujitangaza. Subirini, kesho mtawekewa namba ya simu. Mleta mada, leta picha ya hiyo fizi.

Mkonge_Mkavu
Hata mimi nimeanza kuona mvuke.

Mwana_Makorora
Mombasa, Raskazone, implanti... kweli hii ni familia ya mifupa ya uzee au ya mafuta?

Tabibu_Kinywa
Mimi simjui huyu dada na sina kliniki ya kutangaza. Kidonge kisha dripu si kinyume, wagonjwa wengi hupitia njia hiyo. Ila kaka Sina_Haraka ana hoja moja: swali langu halijajibiwa.

mama_wa_Duga
Hata kama ni chai, si tunajifunza? Mama mkwe wangu hakuwahi kuelezwa habari za taya.

BintiRaskazone
Sawa. Kila wiki nne. Dar.

Mama ana kansa ya matiti. Alifanyiwa upasuaji, tukaambiwa imeisha, akapewa vile vidonge kwa sababu dawa nyingine zilikuwa zinamla mifupa. Mwaka jana mgongo ukaanza kuuma, vipimo vikaonyesha imerudi na iko kwenye pingili. Ndipo dripu ikaanza. Mama hajui kwamba imerudi. Tulikaa kama familia tukakubaliana aambiwe ni mifupa ya uzee inamwagwa dawa. Anaishi kwa furaha, anapanga harusi ya mwanawe, anashona sare. Sikuandika humu kwa sababu mdogo wangu anasoma humu na mama huwa anashika simu yake. Na daktari wa meno sijamwambia, kwa sababu najua ataropoka mbele ya mama. Picha silete, ni mdomo wa mama yangu.

Mzee_wa_Barabara_ya_12
Binti, nisamehe maneno ya miche. Mungu ampe mama afya.

Chachandu_Kali
Pole sana dada.

mama_wa_Duga
Ya Rabi. Baba yangu mzazi alifichwa vivyo hivyo. Siku ya mwisho alituuliza kwa nini tulidhani yeye ni mtoto. Sikuhukumu, nakuambia tu alichosema.

Nahodha_wa_Pangani
Mwili ni wa mama. Haki ya kuujua ni ya mama. Mnamwekea dawa kila mwezi halafu mnamdanganya ni ya nini?

BintiRaskazone
Nahodha, wewe hukuwepo kwenye kile kikao. Hukumuona alivyokuwa mara ya kwanza alipoambiwa, hakula siku kadhaa. Ushauri huo nimeshaukataa kwa watu wanaonijua.

Tabibu_Kinywa
Hayo ya kumwambia au kutomwambia niyaache, yana wenyewe. La Jumamosi siwezi kuliacha.

Tatizo hili la taya liliingia kwenye maandishi ya kitabibu mwaka 2003, pale Robert Marx wa Miami alipoeleza wagonjwa 36 waliokuwa wakipewa dripu za kundi hili. Kwa mtumiaji wa mifupa ya uzee hatari yake ni ndogo sana, makadirio ni watu wawili hadi watano katika kila 10,000. Kwa wagonjwa wa kansa makadirio yanakwenda juu, chini kidogo ya watano katika kila 100. Bado wengi hawapati, lakini kuwekewa implanti mpya ukiwa kwenye dripu ya kila mwezi ni jambo ambalo miongozo inashauri liepukwe.

Mpigie daktari wa meno leo, wewe peke yako, mama hayupo chumbani. Mtajie dawa, dozi, na sababu. Mwambie na hofu yako ya kuropoka, anafungwa na siri za mgonjwa. Aanze na eksirei ya taya zima na kusafisha bila kukata, dawa ya kusukutua ya klorheksidini, na antibayotiki kama ataona usaha. Mfupa ukionekana, au kukiwa na tundu linalofika mfupani, kwa zaidi ya wiki 8, hilo linaitwa kufa kwa mfupa wa taya kutokana na dawa, na linahitaji daktari bingwa wa upasuaji wa taya.

Na msimkatishe dripu wenyewe kwa kusikia haya. Dawa iliyomo mfupani haitoki kwa kuruka mwezi mmoja, na mgongo wake unaihitaji. Hilo aamue daktari wa kansa.

Swali la mwisho: mdomo wa chini au kidevu kimewahi kufa ganzi?

Mwana_Makorora
Dada samahani kwa utani wa mafuta.

BintiRaskazone
Sijawahi kumuuliza. Ngoja.

Sina_Haraka
Nafuta lile neno la chai. Ila tangu mwanzo ungeandika kansa, tusingepoteza muda kwenye karafuu.

BintiRaskazone
Anasema kidevu upande wa kushoto kinakuwa kama kimechomwa sindano ya ganzi, tangu wiki iliyopita. Alidhani ni upepo wa feni. Tabibu, upo?

Tabibu_Kinywa
Nipo. Hiyo inaweza kuwa uvimbe wa pale kwenye implanti unaobana mshipa wa fahamu, na inaweza kuwa ugonjwa wenyewe umefika kwenye taya. Sijamuona, siwezi kusema ni lipi. Ila mpigie na daktari wake wa Dar kesho asubuhi, mtajie neno hilo hilo: ganzi ya kidevu. Atajua kwa nini umepiga.

BintiRaskazone
Nimempata daktari wa meno. Jumamosi hakati kitu, atapiga eksirei tu, na pesa anasema ataihesabu kwenye matibabu. Alinyamaza kidogo nilipomtajia dripu, kisha akauliza kwa nini fomu nilijaza "hapana". Dar nitapiga asubuhi. Mama sitamwambia kabla ya harusi, na kwa hilo naomba msinishauri.