Pale ale kutoka Marekani: nitajuaje kama ni nzuri au imeharibika?

Mwanzisha mada (Arusha)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaendesha mgahawa mdogo hapa Arusha, na msambazaji mmoja ameniletea chupa chache za bia aina ya pale ale kutoka Marekani nizionje kabla sijaamua kuziweka kwenye orodha ya vinywaji. Nilipoimimina, rangi ilikuwa ya shaba, povu lilikaa vizuri, na mashapo kidogo yalibaki chini ya chupa. Utamu wake ulikuwa kama wa sukari iliyoungua, uchungu ulizidi ule wa laga tulizozizoea, na baada ya kumeza ilibaki ladha ya boksi la karatasi lililolowa. Mpishi wangu ameshakata shauri kwamba bia yenye uchungu na mashapo kiasi hicho imeharibika. Naomba wenye uzoefu mnieleze: katika haya, lipi ni tabia ya bia yenyewe na lipi ni kasoro?

Mchangiaji wa 1 (Nairobi)

Mkuu, uchungu na mashapo usiyahesabu kuwa kasoro. Pale ale ya Kimarekani hutegemea hopsi, yaani maua ya mmea yanayoipa bia uchungu na harufu, na ile ambayo wengi huichukua kama kipimo ni ya kiwanda cha Sierra Nevada cha Chico, California, iliyoanza kupikwa mwaka 1980. Ina kilevi cha asilimia 5.6, na uchungu wake hufika 38 kwa IBU, kipimo cha uchungu wa bia, ilhali laga nyepesi nyingi huwa chini ya 20. Hopsi inayotawala humo ni Cascade, iliyotolewa kwa wakulima wa Marekani mwaka 1972, na ndiyo iliyoipa aina hii harufu ya ganda la balungi, maua na msonobari. Mashapo ni chachu, kwa kuwa baadhi ya viwanda huacha bia imalizie kuchachuka ndani ya chupa. Mimina taratibu na uache kiasi kidogo chini.

Kinachonitia wasiwasi ni kile ambacho hukukitaja. Balungi liko wapi? Oksijeni inapoingia kazini, harufu ya hopsi hufifia kwanza, halafu utamu wa kimea huonekana mzito kuliko alivyokusudia mpishi wa bia, na mwishowe huja hiyo ladha ya karatasi iliyolowa. Joto huharakisha mambo hayo yote, na kontena hukaa wiki nyingi baharini kabla ya kufika bandari zetu. Kwa maoni yangu, bia uliyoionja ilipikwa vizuri lakini imezeeka.

Mchangiaji wa 2 (Dar es Salaam)

Nakubaliana na aliyetangulia, na ningependa kuongeza juu ya namna ya kuonja, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tunapoidhulumu bia ya aina hii. Majaji wanaofuata mwongozo wa BJCP, mpango wa Marekani wa kuwatahini majaji wa bia, hugawa alama 50 hivi: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, jinsi bia inavyosikika mdomoni 5, na tathmini ya jumla 10. Tazameni jinsi rangi na povu, ambavyo sisi huvitolea hukumu mapema, vilivyo na uzito mdogo mbele ya pua. Baa zetu huuliza "ya baridi au ya moto?", na pale ale haifai kwa jibu lolote kati ya hayo mawili: ikiwa baridi kupindukia haitoi harufu, na ikiwa ya moto kilevi na utamu huifunika. Itoe kwenye friji, iache ifike nyuzi 8 hadi 10, tumia glasi isiyo na mafuta wala sabuni, na unuse povu likingali linapanda. Soma lebo pia, maana ikiwa ni pale ale ya Kiingereza usilitafute balungi. Hopsi kama East Kent Goldings hunukia maua na udongo.

Mchangiaji wa 3 (Mombasa)

Naomba kutofautiana kidogo na wenzangu. Mteja wa Arusha hanywi bia ilivyokuwa California. Anakunywa iliyomo kwenye glasi yake, na kama ina ladha ya boksi, kwa mgahawa wako hiyo ni bia mbaya, hata kama aliyeipika ni fundi. Kwa hiyo, pima pia safari ambayo bia imepitia. Tafuta tarehe ya kufungashwa, si ya mwisho wa matumizi pekee, na kama ina zaidi ya miezi sita mimi ningeikataa. Makopo ni salama kuliko chupa, na chupa ya kahawia ni salama kuliko ya kijani, kwa kuwa mwanga ukizigusa hopsi bia hunuka kama kicheche. Nimeinusa harufu hiyo kwenye chupa ya kijani iliyopangwa dirishani ili ipendeze. Mwambie msambazaji akutumie picha ya tarehe kabla hujalipa, uagize katoni moja moja, na uzihifadhi kwenye friji tangu siku zinapofika.